Kukagua leseni ya mpelelezi binafsi wa Marekani kabla ya kumlipa

Anayetafuta mpelelezi binafsi mara nyingi ameshafika mwisho wa njia zake. Kaka aliyeko Marekani hapatikani kwenye simu tangu mwaka jana, mzazi mwenzio amehama jimbo na mtoto bila kuaga, au mtu mliyeshirikiana naye kununua magari amezima simu. Katika hali hiyo mkono hutoa pesa haraka, na matapeli wanalijua hilo vizuri. Kukagua leseni hakugharimu hata senti, hakuchukui nusu saa, na kunafanyika kwenye simu ya mkononi ukiwa Temeke, Kisauni au Minneapolis. Hapa mfano mkuu ni California, kwa sababu kumbukumbu zake ziko wazi kwa kila mtu. Majimbo mengine tutayagusa pale yanapotofautiana nayo.

Anza na jimbo

Marekani haina leseni ya upelelezi ya taifa zima. Kila jimbo linatoa yake, kwa masharti yake. Kwa hiyo mtu anayekuambia ana "leseni ya shirikisho", au kwamba FBI au Interpol wamemwidhinisha kufanya kazi nchi nzima, ameshajianika mwenyewe. Achana naye hapo hapo.

Swali la kwanza la kumuuliza ni kazi yenyewe itafanyika wapi. Kama ndugu yako alionekana mara ya mwisho Houston, mwenye leseni ya California hawezi kupanda ndege tu akaanza kupeleleza Texas. Yapo majimbo yaliyokubaliana kumruhusu mgeni amalizie kwao kazi aliyoianzia kwake, kwa muda mfupi na kwa masharti. Makubaliano hayo ni machache, na ni juu yake kukuonyesha kwamba yanamhusu. Mpelelezi anayejua kazi atakuambia kwamba Texas atamtumia mwenzake wa huko, na atakupa jina na namba ya leseni ya huyo mwenzake. Huyo naye mkague.

Majimbo machache hayatoi leseni ya ngazi ya jimbo kabisa: Alaska, Idaho, Mississippi, South Dakota na Wyoming. Colorado ilikuwa nayo, sheria yake ikakoma 2021. Huko utategemea usajili wa biashara, kibali cha mji pale kinapotolewa, bima, na rekodi za mahakama. Pennsylvania nayo ina utaratibu wake: leseni hutolewa na mahakama ya kaunti chini ya sheria ya 1953, kwa hiyo unapiga simu kwa karani wa mahakama ya kaunti aliyoomba leseni. Usitegemee tovuti moja ya jimbo zima.

California, hatua kwa hatua

Msimamizi wa wapelelezi wa California ni Bureau of Security and Investigative Services, kwa kifupi BSIS, ofisi iliyo chini ya idara ya jimbo inayolinda watumiaji wa huduma, DCA.

Kabla hujafungua tovuti yoyote, mwombe mhusika vitu vitatu kwa maandishi (ujumbe wa WhatsApp unatosha): jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, jina la biashara, na namba ya leseni. Namba ya mpelelezi wa California inatanguliwa na herufi PI. Sheria inamtaka aiweke kwenye matangazo yake, kwa hiyo tangazo lisilo na namba ni dosari hata kabla hujauliza. Mwenye leseni halali hukutumia namba bila kusita, kwa sababu huulizwa kila wiki. Anayeanza kulalamika kwamba humwamini, au kwamba namba hutolewa baada ya malipo, amekuokolea muda.

Sasa fungua search.dca.ca.gov. Andika anwani hiyo mwenyewe kwenye kivinjari. Usibonyeze kiungo alichokutumia yeye, maana ukurasa wa kughushi unaofanana na wa serikali hutengenezwa kwa siku moja. Idara hii inasimamia pia madaktari, wauguzi, vinyozi na fani nyingine nyingi, kwa hiyo chagua kwanza ofisi ya Security and Investigative Services, kisha aina ya leseni, Private Investigator. Tafuta kwa namba. Ukishaona majibu, rudi mwanzo utafute tena kwa jina lake, na mara ya tatu kwa jina la biashara. Namba inakuletea leseni aliyotaka uione. Jina linakuletea zile ambazo hakuzitaja, kama ile ya biashara yake ya zamani iliyofutwa.

Kwenye ukurasa wa leseni, jambo la kwanza kutazama ni aina, na hapa ndipo wengi hunaswa. BSIS hiyo hiyo inasajili walinzi, kampuni za ulinzi, mafundi wa kufuli, kampuni za kengele za usalama na wakamataji wa magari ya mkopo. Kadi ya mlinzi ni kadi halisi, ina namba halisi, na itatokea kwenye tovuti hiyo hiyo ikiwa hai kabisa. Lakini haimruhusu mwenye nayo kukutafutia mtu wala kumfuatilia mtu kwa malipo. Ukikuta aina nyingine yoyote badala ya Private Investigator, huyo si mpelelezi, hata kama jina na picha vinalingana.

Kisha soma hali ya leseni. Neno unalolitaka ni Current, yaani iko hai. Delinquent maana yake muda umepita na hajaihuisha, na katika kipindi hicho haruhusiwi kufanya kazi. Hapa utasikia sana maneno ya "nimeshalipia, mtandao bado haujasasishwa". Inawezekana ni kweli. Leseni hudumu miaka 2 na watu husahau. Mwambie utasubiri mpaka tovuti ibadilike, na usitoe pesa kabla. Suspended ni kusimamishwa, Revoked ni kunyang'anywa, na Surrendered ni kuirudisha mwenyewe, jambo ambalo mara nyingi hutokea wakati kesi ya nidhamu inaendelea. Canceled ni leseni iliyokufa. Hakuna hata moja kati ya hizo nne inayofaa kwa kazi yako leo.

Angalia tarehe ya kutolewa na ya kuisha. Mtu anayejinadi kwa uzoefu wa miaka 20 huku leseni yake ina miezi minane anaweza kuwa polisi mstaafu, na hilo si kosa, lakini aulizwe miaka mingine aliifanyia wapi. Kuipata leseni yenyewe si mchezo: California inadai saa 6,000 za kazi ya upelelezi ya kulipwa, sawa na miaka mitatu. Mwenye shahada ya sheria au ya sayansi ya polisi hupunguziwa hadi saa 4,000. Baada ya hapo kuna alama za vidole zinazopita kwa serikali ya jimbo na FBI, na mtihani wa saa 2.

Kama leseni ni ya kampuni, tafuta jina la meneja mwenye sifa (Qualified Manager). Huyu ndiye aliyefaulu mtihani na ndiye anayebeba kazi ya kampuni kisheria. Mwajiriwa wa kampuni yenye leseni anaweza kufanya kazi chini ya leseni ya mwajiri wake, kwa hiyo kutokuwa na namba yake binafsi si ushahidi wa utapeli. Lakini mtu anayejitegemea, anayepewa kazi na kampuni kwa mapatano ya kazi moja moja, anatakiwa awe na yake. Ukiambiwa "mimi nafanya kazi chini ya fulani", mpigie fulani.

Mwisho, shuka chini ya ukurasa uone kama kuna nyaraka za nidhamu, na uzifungue. Waraka ulioandikwa Accusation ni tuhuma za ofisi dhidi yake, bado si hukumu; uamuzi huwa kwenye waraka mwingine. Soma alichofanya hasa. Faini ya kutoweka namba ya leseni kwenye tangazo ni jambo la kuuliza tu. Kuchukua pesa za wateja bila kufanya kazi, au kutoa taarifa kwa mtu asiyestahili, ni sababu ya kuondoka. Piga picha ya skrini ya ukurasa wote, tarehe ikionekana, uitunze.

Namba zinazofanana na leseni

Baadhi ya watu hawaghushi chochote. Wanakupa namba ya kweli ya kitu kingine. Namba ya usajili wa kampuni kutoka ofisi ya katibu wa jimbo inaonyesha tu kwamba kampuni imeandikishwa, na kuandikisha kampuni kunawezekana kwa yeyote mwenye ada. Leseni ya biashara ya mji ni risiti ya kodi. Usajili wa mpeleka hati za mahakama hutolewa na kaunti na ni kwa kazi hiyo peke yake. Namba ya uanachama wa chama cha wapelelezi, kama CALI cha California, ni sifa nzuri ya ziada, lakini haisimami mahali pa leseni. Beji ya shaba yenye nyota haithibitishi kitu, kwani zinauzwa mtandaoni. Tena sheria ya California inamkataza mpelelezi kujionyesha kana kwamba ni mtu wa serikali.

Namba ni yake, au ya mtu mwingine?

Sehemu hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoumiza zaidi. Kumbukumbu za leseni ziko wazi kwa wote, matapeli wakiwemo. Tapeli huchagua mpelelezi halisi mwenye leseni safi, akachukua jina lake na namba yake, akafungua akaunti ya barua pepe na ya WhatsApp kwa jina hilo, kisha anakuambia ukahakiki. Unahakiki, unakuta kila kitu kiko sawa, unalipa. Leseni uliyoiona ni ya kweli. Ila uliyekuwa ukiongea naye siye.

Dawa yake ni kumfikia mwenye leseni kwa njia ambayo hukupewa na huyo unayeongea naye. Ukurasa wa leseni una jina na mahali palipoandikishwa. Tafuta biashara hiyo kwa nguvu zako mwenyewe, pata namba ya simu ya ofisi, piga na uulize: je, nyinyi ndio mnaoongea nami kuhusu kazi hii, kwa namba hii ya WhatsApp? Swali hilo moja huanguka kama shoka. Kisha omba simu ya video, aonyeshe kitambulisho cha leseni pamoja na kitambulisho chenye picha, na ulinganishe jina herufi kwa herufi. Barua pepe nayo itazamwe: ofisi yenye tovuti yake lakini inayokuandikia kutoka anwani ya bure, yenye herufi moja iliyozidi, si ofisi hiyo.

Akaunti ya kulipia ndiyo kipimo cha mwisho. Jina la akaunti lilingane na jina la mwenye leseni au la kampuni. Anayetaka kadi za zawadi, sarafu za mtandaoni, au pesa itumwe kwa jina la mtu wa tatu katika nchi nyingine hafai, hata ukurasa wa leseni uwe unameremeta. Tahadhari zaidi ni kwa waliokwisha kutapeliwa kwenye mapenzi ya mtandaoni au uwekezaji wa sarafu: wao hufuatwa na "wapelelezi" wanaoahidi kurudisha pesa kwa ada ya mapema. Mara nyingi ni genge lile lile lililorudi.

Majimbo mengine kwa ufupi

Florida leseni ziko kwa herufi, na Idara ya Kilimo na Huduma za Watumiaji ndiyo inayozitoa, ingawa jina hilo huwashangaza wengi. C ni ya mpelelezi, CC ni ya mwanagenzi aliye chini ya mdhamini, A ni ya wakala, yaani kampuni ya upelelezi. Mwenye C peke yake hawezi kupokea wateja wake binafsi. Lazima afanye kazi chini ya wakala mwenye A, au awe nayo yeye mwenyewe. Kwa hiyo Florida unakagua mbili. D ni ya mlinzi.

Texas wasimamizi ni Idara ya Usalama wa Umma, DPS, na mfumo wao wa kutafuta unaitwa TOPS. Huko A maana yake ni kampuni ya upelelezi, B ni ya ulinzi, C ni ya vyote viwili. Usichanganye na herufi za Florida. Texas pia inadai bima ya dhima ya angalau dola 100,000 kwa tukio la madhara ya mwili au mali. California haimlazimishi kila mpelelezi kuwa na bima, kwa hiyo huko uiombe mwenyewe, na cheti kitumwe moja kwa moja na wakala wa bima.

New York wasimamizi ni Department of State, na mpelelezi huweka dhamana ya dola 10,000. Minnesota ina bodi maalumu ya wapelelezi na walinzi.

Waliopo Uingereza wajue kwamba huko hakuna leseni ya mpelelezi binafsi. Sheria ya 2001 iliacha nafasi ya kuianzisha, lakini haijatekelezwa. Kadi ya SIA, mamlaka ya leseni za ulinzi, anayokuonyesha mtu ni ya mlinzi, mlinda mlango au mtazama kamera. Cha kukagua huko ni kama amesajiliwa kwa mdhibiti wa taarifa binafsi, ICO, na kama ana bima.

Leseni haisafishi njia chafu

Leseni inakuambia jimbo linamtambua mtu huyu. Haikuambii atafanya kazi vipi, na akitumia njia chafu, mkono wa sheria unaweza kukufikia wewe uliyemtuma. Mwaka 2006 wapelelezi waliokodiwa kwa ajili ya kampuni ya Hewlett-Packard walijifanya wajumbe wa bodi na waandishi wa habari ili kupata rekodi zao za simu. Kampuni ikalipa dola milioni 14.5 kumaliza shauri la California. Mpelelezi Anthony Pellicano wa Hollywood alikuwa na ofisi, jina na wateja wazito. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa makosa yakiwemo ya kunasa simu za watu, na wakili mmoja aliyemtumia, Terry Christensen, naye akahukumiwa miaka 3.

Kwa hiyo muulize waziwazi: utaipataje taarifa hii? Anayeahidi kukuletea orodha ya simu za mkeo, salio la benki la mshirika wako, au ujumbe wa WhatsApp wa mtu, anakuahidi kosa la jinai. Kupata rekodi za simu kwa kujifanya ndiye mwenye simu ni kosa la shirikisho, na taarifa za benki hali kadhalika. California, kufunga kifaa cha kufuatilia kwenye gari bila ridhaa ya mwenye gari ni kosa, na mazungumzo ya siri hayarekodiwi mpaka wote wanaoongea wakubali.

Tazama pia kama anakuuliza wewe maswali. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na mtu aliyempata kupitia mpelelezi wa Arizona, aliyelipwa dola 250 kutafuta anwani. Kifo hicho ni miongoni mwa mambo yaliyozaa sheria ya shirikisho ya 1994 inayolinda taarifa za madereva. Sheria hiyo inawaruhusu wapelelezi wenye leseni kuzipata kwa sababu maalumu tu. Ndiyo maana mpelelezi mzuri atataka kujua wewe ni nani, una uhusiano gani na unayemtafuta, na kama kuna amri yoyote ya mahakama kati yenu. Akimpata mtu mzima, huenda akamuuliza kwanza kama anataka kupatikana, na akakuletea salamu badala ya anwani. Hilo likikuudhi, kumbuka kwamba asiyeuliza kitu angeweza kuuza anwani yako vilevile. Na kama unashuku ndugu amekamatwa kwa mambo ya uhamiaji, tafuta kwanza bure kwenye locator.ice.gov kwa jina kamili na nchi aliyozaliwa, ukijaribu kila namna jina lake linavyoweza kuwa limeandikwa.

Mkataba

California inataka makubaliano yawe ya maandishi. Yawe na jina na namba ya leseni kama ulivyoziona kwenye tovuti, kazi yenyewe, bei ya saa, gharama za safari, kikomo cha jumla ambacho hapiti bila ruhusa yako, siku utakayopewa ripoti, na kianzio kisichotumika kitarudishwaje. Siku ya kulipa, fungua tena ukurasa wa leseni. Ulichokiona mwezi uliopita kinaweza kuwa kimebadilika.

Ukigundua baadaye kwamba hana leseni, usimtangazie. Hifadhi mazungumzo yote, risiti, namba ya akaunti na picha za matangazo, ndipo upeleke malalamiko BSIS kwa fomu yao ya mtandaoni. Kufanya upelelezi bila leseni California ni kosa la jinai lenye faini hadi dola 5,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Jinai hiyo haikurudishii pesa. Pesa utaidai mahakama ya madai madogo, ambayo California inasikiliza madai ya mtu binafsi hadi dola 12,500. Kama ulilipa kwa kadi, ipigie benki yako siku hiyo hiyo, kabla ya kuwapigia wengine wote.